Tiketi ya saa 12:00: miezi minane na tovuti ya kukatia tiketi za basi

Mimi ni fundi cherehani hapa Singida mjini. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na kila mwezi nashuka Dar es Salaam kufuata vitambaa Kariakoo. Kwa miaka mingi tiketi nilikuwa nakata dirishani stendi, kwa kaka mmoja tuliyezoeana mpaka akiniona tu anaandika siti yangu kabla sijaitaja. Januari mwaka huu mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma akanionyesha tovuti inayouza tiketi za kampuni mbalimbali za mabasi. Tangu hapo nimekata tiketi kumi na moja humo: tisa zangu, moja ya jirani yangu, moja ya mama yangu mzazi. Jina la tovuti siliandiki. Nimejaribu na nyingine mbili, na kasoro kubwa nitakayoieleza nimeikuta kote, kwa hiyo kuitaja moja peke yake ni kuionea.

Naipa nyota mbili kati ya tano. Kabla ya tiketi ya mama ningeipa nne.

Nianze na mazuri, maana yapo na yamenisaidia. Zamani ilikuwa lazima nifunge duka siku moja kabla ya safari, nipande bodaboda mpaka stendi, nipenye katikati ya wapiga debe wanaonivuta mkoba, na ndani ya mkoba huo umo mtaji wa mwezi mzima. Leo nakata tiketi nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mteja anasubiri kupimwa. Naona mabasi yote ya siku hiyo, ya kampuni zote, na nauli zake. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake na fedha, hilo peke yake ni jambo kubwa, na aliyelifikiria namshukuru.

Mchoro wa viti umefanyiwa kazi. Vilivyochukuliwa ni vya kijivu, vilivyo wazi ni vya kijani, na ukigusa kimoja kinageuka rangi ya chungwa, namba yake inatokea kwa maandishi makubwa chini ya skrini pamoja na nauli. Ukibadili mawazo ukagusa kingine, cha kwanza kinajiachia chenyewe. Hakuna anayekuuliza "una uhakika?" kwa jambo ambalo bado hujalilipia. Mara ya kwanza kuutumia sikuhitaji kufundishwa na mtu, hata mpwa wangu alikaa pembeni akiangalia tu.

Ila mchoro huo una kosa moja lililonipa shida, na ni kosa la kurekebisha kwa dakika chache. Usukani umechorwa kushoto. Mabasi yetu dereva anakaa kulia, mlango wa abiria uko kushoto. Nadhani mchoro ulichukuliwa kutoka nchi ambako magari yanapita kulia mwa barabara, na hakuna aliyeugeuza. Juni nilikuwa natoka Dar kurudi Singida. Msafiri wa njia hii anajua kwamba asubuhi ukitoka Chalinze kwenda Morogoro uso unaelekea magharibi, na mwezi huo jua linapita upande wa kaskazini, yaani kulia kwako. Nikataka siti ya kushoto, upande wa mlango. Nikaangalia mchoro, nikauona usukani, nikachagua siti iliyo upande wa pili wa usukani. Nilipopanda ndani ya basi nikajikuta nyuma ya dereva, dirishani, pazia limechanika, jua langu mpaka Gairo. Namba za viti zilikuwa sahihi. Picha ndiyo iliyonidanganya, na mimi, kama abiria yeyote, niliiamini picha kuliko namba.

Sasa nije kwenye saa.

Mama yangu ana miaka 71, anaishi Ikungi. Julai alikwenda Dar kwa mdogo wangu Kimara kumwona mjukuu mchanga. Akakaa wiki tatu, akasema nyumbani kuku wake wanapotea, anataka kurudi. Mimi nikiwa Singida nikafungua tovuti nimkatie tiketi ya kurudi. Siku aliyoitaka yalikuwepo mabasi manne: la 05:30, la 06:00, la 12:00 na la 18:00. La 12:00 lilikuwa la kampuni anayoipenda mama, kwa sababu siti zake ni pana na miguu yake huvimba akikaa amejikunja.

Nikasoma 12:00 nikaelewa saa kumi na mbili asubuhi. Sikukurupuka. Machi nilisafiri na basi la kampuni nyingine kupitia tovuti hiyohiyo, likiwa limeandikwa 12:00, nikapiga simu kuuliza, nikaambiwa ni saa kumi na mbili asubuhi, na kweli likaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kampuni ya mama nayo naifahamu, basi lake la asubuhi limekuwa likitoka saa hiyo miaka na miaka. Nikalipa. Ujumbe ukaenda kwenye simu yangu na kwenye kitochi cha mama: namba ya siti, namba ya tiketi, "Muda wa kuondoka: 12:00". Mama akausoma, akasema kumi na mbili. Shemeji yangu akausoma, akasema kumi na mbili, akaweka kengele ya simu ya saa kumi alfajiri. Watu wazima watatu tuliisoma tiketi ile, na wote watatu tuliisoma namna moja.

Saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa ameshafika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kapu lake na ndoo ya samaki wakavu. Shemeji akamwacha kwenye benchi kwa sababu alikuwa anawahi zamu kazini. Saa kumi na mbili ikafika, basi halipo. Mama akaenda dirisha la kampuni, akaonyesha ujumbe. Kijana wa dirishani akamwambia basi lako ni la saa sita mchana, mama, hili la asubuhi limejaa na limeshaondoka. Akaomba ahamishiwe basi lolote linalopitia Ikungi. Akajibiwa kwamba tiketi imekatwa mtandaoni, kwa hiyo dirishani hawawezi kuigusa.

Akanipigia. Nikafungua tovuti kwa mikono inayotetemeka. Kitufe cha kubadili safari kipo, kikubwa, cha bluu. Nikakibonyeza, nikapelekwa ukurasa wa pili, nikajaza namba ya tiketi, nikapelekwa wa tatu, nikajaza sababu, ndipo nikaambiwa kwamba mabadiliko yanaruhusiwa saa 24 kabla ya safari. Jambo hilo lingeweza kuandikwa kwenye kitufe chenyewe, au kitufe kisingeonekana kabisa. Nilipoteza dakika kumi na tano nikijaza fomu ambayo ilikuwa imeshafungwa tangu jana yake.

Mama alikaa kwenye benchi lile kwa muda wa saa saba. Basi likatoka mchana, likamfikisha Ikungi karibu na usiku wa manane, na mdogo wetu wa kiume akamsubiri barabarani na tochi. Miguu ilimvimba siku nne. Sikuandika tathmini hii wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na maneno ya hasira hayamfundishi mtu aliyejenga kitu. Nimesubiri mpaka nielewe kosa limekaa wapi.

Limekaa hapa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Tupo karibu na ikweta, kuchomoza na kuzama kwa jua hakubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa moja baada ya kucha, tangu enzi za babu zetu. Simu, kompyuta na saa ya ukutani zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Kila siku, mara ishirini au thelathini, mtu anayeongea Kiswahili anaangalia simu iliyoandika 06:00 na mdomo wake unatamka saa kumi na mbili. Tumezoea mpaka hatujioni tukifanya hivyo. Lakini angalia kadi ya harusi: "Sherehe itaanza saa 12:00 jioni." Angalia tangazo la mkutano wa kijiji, angalia kibao cha duka la dawa. Hapo tarakimu ni za saa ya Kiswahili. Kwa hiyo kwetu tarakimu 12:00 peke yake haijasema kitu. Inaweza kuwa macheo, inaweza kuwa machweo, inaweza kuwa adhuhuri, inaweza kuwa usiku wa manane. Kinachoikamilisha ni neno linalofuata: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Tovuti imelitupa neno hilo na kubakiza tarakimu.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu sana, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mfumo wao unatumia saa 24. Nikamwuliza: na basi la Machi, lililoandikwa 12:00 likaondoka alfajiri? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ukweli, na namheshimu kwa hilo: muda wa mabasi unaingizwa na kampuni zenyewe. Basi karani mmoja anaandika saa ya simu, karani mwingine anaandika saa anayoitamka, na tovuti inapokea vyote viwili na kuvipanga kwenye orodha moja kana kwamba ni kitu kimoja. Makarani siwalaumu. Waliwekewa kisanduku chenye nafasi ya tarakimu nne na hakuna aliyewauliza asubuhi au mchana. Mimi nami sikuulizwa. Mama hakuulizwa. Mlolongo mzima, kutoka kwa karani mpaka kwa bibi kizee kwenye benchi, hakuna mahali hata pamoja ambapo swali hilo moja liliulizwa.

Yule kaka wa dirishani Singida huliuliza kila siku. Baada ya tukio hili nilikwenda nikasimama pembeni ya dirisha lake karibu nusu saa nikimsikiliza, kama ninavyomsikiliza mteja anayenieleza gauni. Maswali yake ni manne. Unakwenda wapi? Lini? Asubuhi au usiku? Unashukia wapi hasa? Halafu anapoandika anarudia kwa sauti: "Haya mama, kesho Jumatano, asubuhi, saa kumi na mbili, uwe hapa kumi na moja na nusu, unashukia Manyoni." Na mteja anaitikia au anakataa. Nilimwona mzee mmoja akakataa: "Siyo kesho, keshokutwa." Karatasi ikachanwa, ikaandikwa nyingine. Haikuchukua hata nusu dakika, na mzee yule hakujua kwamba ameepushwa na safari iliyopotea.

Swali la nne nalo tovuti hailijui. Mama anashukia Ikungi, kabla ya kufika Singida mjini. Kwenye tovuti hakuna Ikungi. Kuna Dar, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida. Unakata ya Singida, unalipa ya Singida, halafu unamtegemea kondakta akumbuke kusimama. Dirishani wanaandika "Ikungi" kwa kalamu ya wino juu ya tiketi na kondakta anaisoma.

Kuna jambo lingine la saa ambalo limekuwa kubwa zaidi sasa. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku. Ya safari ndefu kama yetu yalitoka alfajiri na asubuhi, kwa hiyo hata tiketi ikiandikwa vibaya ulijua ni asubuhi tu, hakukuwa na lingine. Mwaka 2023 zuio hilo likaondolewa, na ratiba zikajaa mabasi ya mchana, ya jioni na ya usiku. Hapo ndipo tarakimu ambayo ilikuwa salama ikageuka mtego. Na si saa tu, hata tarehe. Basi la 00:30, Jumatano tarehe 13, kwa lugha yetu linaondoka usiku wa kuamkia Jumatano. Msafiri anatakiwa kutoka nyumbani kwake Jumanne usiku. Lakini anayesoma "Jumatano, saa sita na nusu usiku" ataoga Jumatano jioni, ataaga watu, atafika stendi, na basi lake litakuwa limeondoka siku nzima iliyopita. Nimemkuta kijana wa namna hiyo Mbezi, amesimama na begi la chuo, anaonyesha simu kila dirisha. Maneno "usiku wa kuamkia" tunayo, yanatumika kwenye taarifa za habari kila asubuhi, na yanaeleweka na mtoto. Kwa nini hayapo kwenye tiketi sijaelewa.

Na hata ujumbe wenyewe wa malipo una muda ulio nyuma kwa saa tatu. Nalipa saa nne asubuhi, ujumbe unasema nimelipa 07:00. Mpwa wangu akanieleza kwamba kompyuta inayotuma ujumbe imeachwa kwenye saa ya dunia na sisi Afrika Mashariki tupo mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo siku moja kwenye simu moja nina saa za aina tatu: ya kwangu mdomoni, ya simu, na ya ujumbe.

Malipo. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndani ya malipo kuna kazi nzuri sana na kazi mbaya, zimekutana kwenye skrini moja.

Ukishachagua siti, tovuti inakupa namba ya kumbukumbu na dakika kumi za kulipa. Dakika zinahesabika zikirudi nyuma kwa rangi nyekundu. Unatakiwa utoke kwenye tovuti, upige *150*00#, ulipe, urudi. Simu yangu ni ya kawaida, haina nafasi kubwa. Nikifungua menyu ya malipo, tovuti inajifunga nyuma. Nikirudi inaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza: chagua unakotoka, chagua unakokwenda. Siti yangu bado imeshikiliwa kwa jina langu, kwa hiyo mimi mwenyewe naiona ya kijivu, imechukuliwa. Na menyu ile ikishafunguka huwezi kuangalia nyuma kusoma namba. Mara ya kwanza nilisahau tarakimu mbili za mwisho, dakika zikaisha. Sasa nimejifunza: naiandika namba ya kumbukumbu kwa chaki ya kukatia kwenye kipande cha kitambaa kilicho mbele yangu. Vipande vyangu vya kaki vya sare vina namba za safari zote za mwaka huu.

Lakini menyu yenyewe ya malipo, ile ya kubonyeza namba, ni kati ya vitu vilivyosanifiwa vizuri kuliko vyote ninavyovitumia, na hatuisifii kwa sababu tumeizoea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaja kwetu, na mama yangu aliyeishia darasa la nne anaitumia bila kumwita mtu. Inafanya kazi kwenye kitochi. Haihitaji bando. Inauliza jambo moja, inasubiri, inauliza linalofuata. Mpwa wangu anasema ukurasa mmoja wa menyu ile haubebi zaidi ya herufi 182, na ninaamini ufinyu huo ndio uliowalazimisha walioijenga kuchagua maneno. Hawakuwa na nafasi ya mapambo. Na kilicho bora kuliko vyote: ukituma fedha kwa mtu, kabla hujaweka namba ya siri inakuambia kiasi na jina la anayepokea. Nimewahi kukosea tarakimu moja nikitaka kumtumia mwenye vitambaa, nikaona jina la mtu nisiyemjua, nikaacha. Fedha ya magauni sita ilibaki mkononi mwangu kwa sababu ya mstari mmoja wa maneno uliowekwa mahali pake.

Huyo ndiye kaka wa dirishani, ameingia ndani ya simu: "Unamtumia fulani, kiasi hiki. Ndiyo?" Tovuti ya mabasi ingefanya vivyo hivyo kabla ya malipo, kwa mstari mmoja: "Unasafiri Jumatano mchana, saa sita, kutoka Mbezi. Kwa saa ya simu ni 12:00." Ningeona neno mchana na nisingelipa.

Menyu nayo ina ubaya wake, siufichi. Ukichelewa kujibu inakatika na unaanza mwanzo, na mzee anayetafuta miwani hana haraka ya namna hiyo. Tarakimu za fedha unaziandika bila alama ya kutenganisha elfu, kwa hiyo 50000 na 500000 zinafanana kwa macho yaliyochoka. Lakini pale mwisho inakurudishia hesabu uihakiki, na hapo ndipo inapojiokoa.

Mengine ya tovuti nitayapitia haraka. Namba ya simu inataka ianze na 255. Ukianza na sifuri, kama kila Mtanzania anavyoitaja namba yake, inakataa kwa maandishi mekundu ya Kiingereza yasiyosema kosa ni lipi. Kompyuta inayoweza kuchora basi zima inashindwa kubadilisha sifuri kuwa 255? Ada ya huduma, shilingi 1,500, inatokea ukurasa wa mwisho wakati nauli umeshaizoea. Iandikwe mwanzo, tutailipa. Maandishi ya masharti ni ya kijivu chepesi juu ya nyeupe, na nje kwenye mwanga wa Singida hayasomeki kabisa.

Kiswahili chake kimetafsiriwa na mtu asiyekata tiketi. Kitufe cha kukatia nafasi kiliandikwa "Kitabu sasa". Nilikaa nikakitazama nikidhani ni mahali pa kununua daftari la safari, mpaka mpwa wangu akanieleza kwamba kwa Kiingereza neno la kitabu na neno la kuweka nafasi ni moja. Hicho wamekirekebisha Mei, sasa kinasema "Kata tiketi", na nilifurahi siku nilipokiona. Kilichobaki ni ukurasa wa kufuta safari. Una vitufe viwili, kimoja "Ghairi", kingine "Ghairi safari". Kimoja kinafuta tiketi yako, kingine kinakurudisha ulikotoka bila kufuta. Jirani yangu alibonyeza kisicho chake, siti ikaenda. Vingeandikwa "Futa tiketi yangu" na "Hapana, nasafiri", kusingekuwa na wa kukosea.

Niliyaandika haya yote kwa mpangilio nikawatumia, pamoja na picha ya ujumbe wa mama. Wamenijibu kwamba wamepokea na wataufikisha kwa mafundi. Wiki tatu zimepita. Jana nimefungua, usukani bado uko kushoto, na basi la 12:00 bado linasema 12:00. Nitaendelea kuangalia, na wakiongeza neno moja tu mbele ya saa nitarudi hapa nibadilishe nyota.

Safari zangu mwenyewe naendelea kukata humo, kwa sababu sasa napiga simu kampuni kwanza kuuliza ni asubuhi au mchana. Mama ana kliniki Dodoma mwezi ujao, na kutoka huko atapitiliza Dar kumwona tena mjukuu. Tiketi yake nimeikata dirishani juzi. Ni karatasi ya njano, ina mhuri, na kaka yule ameandika kwa herufi kubwa ili mama aisome bila miwani: ASUBUHI SAA 12, APANDIE IKUNGI, AWE BARABARANI MAPEMA.